Watoto 23, Walimu Wawili na Kongamano Lililozidiwa: Uchambuzi wa Kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye kongamano la uongozi la wanafunzi wa sekondari lililofanyika pembezoni mwa Kampala. Shule iliyopeleka watoto iliniomba niketi na walimu, dereva na baadhi ya wanafunzi, niyapange waliyonieleza, kisha niyatumie kuwafundishia walimu wengine wanaosafiri na watoto. Majina ya watu, ya shule na ya kongamano nimeyaondoa, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtoto nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio sikuugusa.

Wahusika nitawaita kwa kazi zao. Yupo Mwalimu wa Kiswahili, mkuu wa msafara. Yupo Mwalimu Mlezi, yaani mwalimu wa kike anayeshughulikia mambo ya wasichana pale shuleni. Na yupo Dereva, ambaye kwenye barua ya safari hakuhesabiwa kama mlezi, lakini kisa hiki bila yeye hakielezeki.

Usuli

Shule iko mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, mahali ambapo Kiswahili kinasemwa sokoni, kwenye foleni ya malori na kituo cha polisi, hata na wasiokisoma darasani. Mwaliko ulikuja kwa klabu ya Kiswahili kwa sababu kongamano lilitangazwa kuwa la Afrika Mashariki, lenye mijadala kwa lugha hiyo. Mkuu wa shule aliupokea kwa mikono miwili. Tangu baraza la mawaziri lipitishe, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, alikuwa akitafuta mahali pa kuonyesha kwamba watoto wake wanakiweza.

Ada ilikuwa shilingi 90,000 kwa kila mtoto: kulala usiku wa siku mbili, milo yote, kitabu na cheti. Malipo yalitumwa kwa simu. Tangazo lilitaja wajumbe 600 na wageni wa heshima kadhaa. Ukilisoma leo unaona kwamba picha za ukumbi zilikuwa nyingi, lakini hapakuwa na hata sentensi moja kuhusu mahali watoto watakapolala na nani atalala nao. Hakuna aliyeuliza.

Msafara ulikuwa wa wanafunzi 23, wasichana 12 na wavulana 11, wa kidato cha pili hadi cha tano. Wachache walikuwa wametimiza miaka 18. Wengine wote, kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya Uganda, ni watoto.

Maandalizi ya walimu yalikuwa mazuri kuliko ya waandaaji. Mwalimu Mlezi alikataa kupanda basi mpaka kila mzazi awe ametia saini fomu ya ridhaa na ya afya, na fomu zote alizitia kwenye bahasha ya plastiki aliyotembea nayo siku zote tatu. Humo mlikuwa na mambo mawili ya kuangaliwa: msichana wa kidato cha tatu mwenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali, na mvulana mwenye pumu. Watoto waligawanywa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wa kidato cha nne au cha tano. Kila mtoto alipewa kadi yenye namba za simu za walimu. Mkuu wa shule alitoa shilingi 400,000 za dharura, taslimu.

Jambo moja lilipita bila mjadala. Shule ni ya bweni na inakataza wanafunzi kuwa na simu, kama shule nyingi za bweni nchini. Marufuku hiyo ilisafiri na watoto hadi Kampala.

Siku ya kwanza: mwenye funguo

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Walivuka Nile kwa daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa 2018, wakapita msitu wa Mabira na kusimama Namawojjolo, ambako hakuna mtoto wa shule anayekubali kupita bila kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Waliingia uwanja wa kongamano saa sita na nusu mchana, wakiimba.

Meza ya kujiandikisha ilikuwa moja. Waandaaji walikuwa wamepokea malipo mpaka asubuhi ile ile, na shule nyingine zilikuja bila kujiandikisha, zikilipa pale pale. Kufikia alasiri, hata waandaaji walikuwa wakisema wazi kwamba watu wamezidi mara mbili ya waliotarajiwa. Beji zilikwisha. Wanne kati ya watoto wetu hawakupata, na kijana wa mapokezi akawapa utepe wa karatasi ambao jasho liliumaliza kabla ya jua kuzama.

“Walimu, msijali, kila kitu kiko sawa,” kijana yule aliendelea kusema. Mwalimu wa Kiswahili aliniambia kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi wa kwanza, maana hakuna aliyekuwa amelalamika bado.

Saa kumi na mbili jioni ukatoka mpango mpya. Bweni la wasichana limejaa, wasichana wa shule zilizochelewa kuandikishwa watapelekwa shule nyingine, ng'ambo ya barabara kuu, chini ya “matroni wa kongamano.” Walimu wao wabaki upande huu, kwa sababu huko nafasi ni ya wanafunzi tu.

Mwalimu Mlezi alikataa. Hakupaza sauti na hakuwatolea waandaaji hotuba. Aliuliza maswali matatu: matroni huyo anaitwa nani, analala chumba gani, na namba yake ya simu ni ipi. La kwanza lilijibiwa baada ya kuulizana. Mawili hayakujibiwa. Akasema, “Basi mabinti zangu watakaa kwenye basi mpaka nipate chumba.”

Walimu hawakurudi tena mezani kwa waandaaji. Walimtafuta mtunza shule, mzee aliyekuwa na rundo la funguo kiunoni. Mzee alikuwa amewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

“Munataka nini, mwalimu?”

“Darasa moja lenye mlango unaofungika, mzee wangu. Na jingine karibu yake kwa wavulana.”

“Darasa iko. Lakini taa hakuna.”

Wakachukua madarasa mawili yasiyo na taa, yaliyotenganishwa na ukumbi mdogo. Walinunua tochi, mkeka na mablanketi machache kwa fedha za dharura. Mwalimu Mlezi alilala ndani, godoro lake likiegemea mlango, na Mwalimu wa Kiswahili vivyo hivyo upande wa pili. Mtunza shule hakudai kitu. Asubuhi alitiliwa chai kabla ya mtu mwingine yeyote, na nadhani heshima ile ilikuja kuwafaa zaidi kuliko malipo.

Siku ya pili, mchana

Chai ilitoka saa nne asubuhi. Walimu walikuwa tayari wamenunua chapati, mayai ya kuchemsha na katoni za maji.

Kisha ikaja amri ya pili ya kuwatenganisha. Wajumbe wangegawanywa katika makundi mchanganyiko kwa rangi, kila shule isambae, na walimu wakae kwenye hema lao. Safari hii walimu walikubali, kwa masharti yao wenyewe: kila mtoto awe na mwenzake wa shule, asiachane naye, na kila baada ya saa mbili wote wakutane chini ya mfenesi mkubwa ulio nyuma ya jiko. Walipoulizwa kwa nini jana walikataa na leo wamekubali, Mwalimu wa Kiswahili alijibu kwa ufupi: mchana watu wanaonana, na watoto walikuja kukutana na wengine. Kuwafungia kwenye kundi moja siku nzima kungekuwa kuwarudisha nyumbani wakiwa bado uwanjani.

Mpango ulifanya kazi mpaka saa saba. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa. Wajumbe wote waliitwa hemani ili akija awakute wameketi, wakaketi kwa muda wa saa tatu hivi kwenye joto, maji yamekwisha, na waliojaribu kutoka wakarudishwa na vijana wa itifaki. Mkutano wa mfenesi haukufanyika. (Mgeni alipofika alizungumza kwa dakika kumi kuhusu umuhimu wa kutunza muda.)

Msichana mwenye seli mundu alianza kusikia maumivu ya miguu, kisha mgongo. Mwenzake hakuomba ruhusa kwa mtu wa itifaki. Alimshika mkono, akapita chini ya kamba ya hema na kumpeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Mlezi. Kwenye hema la huduma ya kwanza kulikuwa na muuguzi mmoja na dawa za maumivu ya kawaida. Mwalimu Mlezi alitoa fomu ya afya, akamwonyesha, na muuguzi, ambaye namshukuru kwa uaminifu wake, akasema, “Hapa simuwezi. Mpelekeni sasa.”

Ndipo ulipokuja uamuzi mgumu kuliko yote. Kumpeleka mtoto kulihitaji mtu mzima wa kike na dereva. Kufanya hivyo kungemwacha Mwalimu wa Kiswahili peke yake na watoto 22, nusu yao wasichana, bila basi. Wazo la kumtuma na boda na kiongozi wa kikundi lilitajwa na mtu mmoja wa kongamano, halikujadiliwa. Mwalimu Mlezi na Dereva waliondoka na mtoto kwenda kituo cha afya cha daraja la nne kilichokuwa karibu. Njiani alimpigia mama mtu.

“Mwalimu, mwanangu anaongea?” ndilo lililokuwa swali la kwanza.

“Anaongea, mama. Huyu hapa.”

Alitundikiwa maji, akapewa dawa za maumivu, na mganga akaamua alale pale. Mwalimu Mlezi alibaki naye. Dereva alikaa macho kwenye basi nje ya kituo, iwapo wangeambiwa wahamie hospitali kubwa.

Usiku wa pili

Kulikuwa na mwalimu wa kike kutoka shule moja ya Kenya ambaye madarasa yake yalipakana na yetu. Yeye naye alikuwa na upungufu: wavulana tisa na hana mwalimu wa kiume. Yeye na Mwalimu wa Kiswahili walikuwa wameshasalimiana, wameshakopeshana sukari, na sasa wakaafikiana: yeye awalinde wasichana wa shule zote mbili, Mwalimu wa Kiswahili awalinde wavulana wa shule zote mbili. Waliandikiana majina ya watoto kwenye karatasi, wakatia saini, wakabadilishana namba, na Mwalimu wa Kiswahili akampigia mkuu wake wa shule kumjulisha. Wasichana waliulizwa kama wanaridhia.

Chakula cha jioni kiliisha kabla foleni haijafika nusu. Usiku wa vipaji, ambao haukuwa kwenye ratiba, ulianza saa mbili, jenereta likazimika mara mbili, ukavunjika gizani karibu saa nne.

Yule mama wa Kenya aliwaita wasichana kwa majina. Walikuwepo wote. Mwalimu wa Kiswahili aliwahesabu wavulana wake mlangoni, akigusa bega moja moja gizani: kumi na mmoja. Akafunga mlango.

Saa tano kasoro simu ikalia. Ni baba wa mvulana mmoja wa kidato cha nne, anapiga kutoka nyumbani, zaidi ya kilomita 200.

“Mwalimu, kijana wangu yuko wapi?”

“Yupo, mzee. Nimemaliza kuwahesabu sasa hivi.”

“Basi huyu aliyenipigia ni nani?”

Tochi ikapitishwa kwenye nyuso. Wa kumi na moja alikuwa mtoto mdogo wa shule nyingine kabisa, amepoteana na wenzake tangu foleni ya chakula, akaliona kundi linaloingia darasani akaingia nalo. Hakuna aliyemuuliza, naye aliogopa kusema. Idadi ilitimia, mtoto wetu mmoja yuko nje.

Mvulana wetu alikuwa ametoka getini na wengine kutafuta rolex, chapati ile inayoviringishwa na mayai, kwa sababu ya njaa. Geti lilipofungwa saa nne, mlinzi alikataa kumruhusu asiye na beji, na yeye alikuwa mmoja wa wale wanne wa utepe wa karatasi. Kadi yenye namba za walimu ilikuwa kwenye suruali nyingine. Mama muuza rolex alimpa simu yake, na namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya baba.

Mwalimu wa Kiswahili hakukimbia papo hapo. Kwanza aliwaamsha viongozi wawili wa vikundi, wote wa kidato cha tano, akawaweka mlangoni. Akamgongea mwenzake wa Kenya, naye akaja kusimama ukumbini kati ya madarasa mawili. Kisha akamwamsha mzee wa funguo, na mlinzi aliyekuwa amemkatalia mtoto hakuweza kumkatalia mzee. Mvulana alikuwa ameketi kwenye kreti kando ya jiko la chapati. “Nilimwambia akae hapa penye moto, asitembee,” mama alisema. Alilipwa vocha yake na shukrani.

Mtoto mdogo wa shule nyingine walimtafutia walimu wake mpaka baada ya saa sita usiku. Walipopatikana hawakuwa na habari kwamba amepotea.

Siku ya tatu

Asubuhi Mwalimu Mlezi alirudi na msichana, amepata nafuu, anatembea. Mkuu wa shule alipiga simu akitaka wabaki mpaka sherehe ya vyeti, iliyopangwa saa nane mchana. Fedha za wazazi zimelipwa, alisema, na wazazi watataka kuona cheti.

Walimu walijua kwamba saa nane ya kongamano lile ingekuwa saa kumi na moja. Lakini aliyemaliza mjadala ni Dereva. Alisema hajalala tangu juzi. Anahitaji kulala mpaka saa tano, na akiondoka baada ya saa nane atakuwa barabara ya Jinja usiku, pamoja na malori ya mpakani. “Mimi sitaendesha watoto usiku. Mkiniamuru, tafuteni mwingine.”

Waliondoka saa sita mchana, bila vyeti. Kabla ya kuondoka Mwalimu wa Kiswahili aliwakusanya watoto chini ya mfenesi na kuwaeleza sababu. Wawili walilia. Kiranja mkuu wa wasichana aliuliza kwa nini hawakupewa nafasi ya kusema kabla ya uamuzi. Akajibiwa kwamba jambo la usalama barabarani halipigiwi kura. Sidhani jibu lile lilimridhisha, na sioni kwamba lilipaswa kumridhisha.

Matokeo

Watoto wote walifika salama jioni ileile. Msichana alirudi darasani muhula ulipofunguliwa. Vyeti vilikuja baadaye, vingine na majina yaliyokosewa. Waandaaji hawakurudisha sehemu yoyote ya ada.

Baba wa mvulana alikuwa ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi usiku uleule, kabla mwanawe hajaingia getini. Wazazi wengine walisoma kwamba “watoto wamepotea Kampala” na hawakupata neno kutoka shuleni mpaka asubuhi. Kikao cha wazazi kilichofuata kilikuwa kirefu na cha moto.

Mvulana hakuchapwa. Mwalimu mmoja aliyebaki shuleni alipendekeza viboko; Mwalimu wa Kiswahili alimkumbusha kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni. Badala yake kijana aliandika maelezo yake, hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu usiku ule imetoka kwenye kurasa zile, na ni maelezo bora kuliko ya mtu mzima yeyote niliyezungumza naye.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema kosa ni fujo. Mimi sioni hivyo. Foleni, chakula kilichochelewa na hotuba ndefu ni kero. Mtoto wa bweni amezoea mbili kati ya hizo tatu. Hatari ilizaliwa kila mara waandaaji walipojaribu kuitatua fujo kwa kumtoa mtoto mikononi mwa mtu mzima anayemjua: wasichana wahamishwe, walimu wakae kwenye hema lao, wajumbe wasitoke hemani, asiye na beji asiingie. Kila amri, ukiisikiliza peke yake, ina sababu. Mlezi wa msafara anapaswa kuisikiliza kila moja kwa sikio hilo: je, inakata uzi kati yangu na mtoto, na kama inakata, ni kwa muda gani na nani ataushika upande wa pili?

Kwa kipimo hicho, uamuzi wa usiku wa kwanza ulikuwa sahihi, na maswali matatu ya Mwalimu Mlezi yanafaa kuigwa neno kwa neno. Hayamtuhumu mtu. Aliye na majibu anayatoa kwa dakika moja. Kwa sheria ya Uganda, yeyote aliye na mtoto mikononi mwake ana wajibu wa kumtunza; kumkabidhi mtoto kwa mtu asiye na jina hakukuondolei wajibu huo.

Baadhi ya walimu niliowafundisha kisa hiki wameuliza: mbona basi usiku wa pili wasichana walikabidhiwa kwa mwalimu mgeni kutoka Kenya? Ni swali zuri, na kwa kweli hakukuwa na njia isiyo na hatari. Lakini tofauti ni kubwa. Mama yule alijulikana kwa siku mbili, alikuwa na watoto wake mwenyewe chumba kilekile, alikuwa hatua chache kutoka kwa mkuu wa msafara, majina yaliandikwa, mkuu wa shule alijulishwa, na kila upande ulikuwa umeshika watoto wa mwenzake. Makubaliano yale yaliwezekana kwa sababu watu wawili walisalimiana mapema, kabla ya shida. Nawashauri walezi: saa ya kwanza uwanjani, kabla hata ya kupanga foleni, mtafute mwalimu mmoja wa shule nyingine na mwenye funguo. Waandaaji watakuwa na shughuli nyingi mno kukusaidia saa tano usiku.

Kuhesabu ndiko kulikoshindwa waziwazi. Idadi inaweza kutimia kwa watoto wasio wako, hasa gizani, hasa watoto wanapojua kwamba mwalimu anataka tu kusikia “kumi na mmoja” ili alale. Yule mama aliita majina na hakudanganyika. Kuita majina nako hakutoshi, maana mwenzake anaweza kuitikia. Njia waliyoichagua baadaye ni kila kiongozi wa kikundi kuripoti kwa kutaja waliopo mmoja mmoja huku mwalimu akimulika uso. Inachukua dakika nne. Na inamfanya kiongozi wa kikundi kuwa na kazi ya kweli, jambo ambalo kongamano la uongozi lenyewe halikumpa.

Watoto hawakutoka getini kwa utundu. Walitoka kwa njaa. Walimu walikuwa na fedha na walinunua chakula asubuhi, lakini jioni, wakiwa na mtu mzima mmoja tu, hakuna aliyekwenda kununua. Akiba ya chakula kikavu kwenye basi ingezuia tukio zima, ila basi lenyewe lilikuwa kituo cha afya. Hapa ndipo uwiano wa watu wazima unapoonekana. Watu wazima watatu kwa watoto 23 wanatosha mpaka mtoto mmoja augue. Tangu dakika hiyo uliye naye ni mmoja. Msafara unapopangwa, ondoa wawili kwanza, kisha tazama kama waliobaki wanaweza kulala usiku na watoto wote, wa kike na wa kiume.

Kuhusu ugonjwa, kilichomwokoa msichana ni fomu iliyokuwa mkononi na mwenzake aliyepita chini ya kamba. Uganda ina watoto wengi wenye hali hii. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta takriban mtoto 13 kati ya 100 hubeba kinasaba cha seli mundu, na wenye ugonjwa wenyewe ni chini ya mmoja kati ya 100. Upungufu wa maji, jua, uchovu na baridi ya usiku ndivyo vinavyoamsha maumivu, na kongamano lilimpa vyote vinne. Vidonge vyake vya foliki alikuwa navyo; maji hakuwa nayo. Mtoto kama huyu awe na chupa yake ya maji isiyogawiwa mtu, na awe na ruhusa iliyotolewa mbele ya wenzake kwamba anaweza kutoka mahali popote, wakati wowote, bila kumwomba mtu wa itifaki.

Marufuku ya simu ina sababu zake ndani ya uzio wa shule. Nje ya uzio, inamgeuza mtoto kuwa mtu asiyeweza kumfikia mlezi wake kwenye umati. Kadi ni nzuri lakini hukaa kwenye suruali nyingine. Nilipopendekeza watoto wakariri namba moja ya mwalimu na namba 116, laini ya bure ya taifa ya kuripoti na kusaidia watoto, walimu walicheka, kisha tukajaribu: ndani ya robo saa darasa zima lilikuwa limezikariri kwa wimbo. Ya polisi, 999, wengi walikuwa wanaijua.

Wazazi wangetulia kama shule ingekuwa imeteua mtu mmoja nyumbani wa kupokea habari kutoka kwa msafara na kuzipeleka kwa kundi la wazazi, hata zikiwa mbaya. Mwalimu aliye gizani na tochi hawezi kuandika ujumbe.

Mwisho, kauli. Wapo wanaosema msafara ungeondoka usiku wa kwanza. Siwaungi mkono: dereva aliyekuwa barabarani tangu alfajiri, kilomita 200 usiku, ni hatari kubwa kuliko darasa lisilo na taa. Kuondoka siku ya tatu kulikuwa sawa. Ila sikupenda kwamba ilibidi Dereva atishie kugoma ndipo kauli ya walio uwanjani iishinde ya aliye ofisini. Barua ya safari haikusema ni nani anayeweza kuamua kurudi. Sasa inasema: walezi walioko kwenye msafara, kwa pamoja na dereva, na mkuu wa shule anajulishwa.

Bodi imekubali pia kwamba kila kikundi kisafiri na simu moja ya kawaida, isiyo na intaneti, ibebwe na kiongozi wa kikundi. Wazazi bado wanabishana na shule kuhusu nani atazinunua.